Shahada ya Nchi Nyingi na Kazi za Wahitimu: Mfano wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Zamani mwanachuo wa Afrika ya Mashariki aliyetaka shahada ya uzamili alikwenda ng'ambo, akakaa katika chuo kimoja mwaka mmoja au miwili, akarejea na cheti cha chuo kile. Njia hiyo ingaliko, lakini imepata mwenzake. Siku hizi mtu aweza kuanza masomo yake katika nchi moja, akasomea tawi maalumu la elimu hiyo katika nchi ya pili, kisha akafanya uchunguzi wake katika nchi ya tatu, na shahada apewayo mwishoni ikawa moja. Makala haya yakusudia kueleza jinsi shahada ya namna hii inavyounda kazi za wahitimu wake. Yakusudia pia kuonyesha kwamba jambo hili, ambalo kwa kawaida hutazamwa kama jambo la vyuo, ada na vyeti, kwa sehemu kubwa ni jambo la lugha.

Mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni Rufiji ya chini, yaani delta pamoja na Kibiti, wilaya iliyokatwa kutoka wilaya ya Rufiji katika miaka ya 2010. Sababu ya kupachagua ni kwamba ni vigumu kupata mahali pengine katika Tanzania ambapo wenyeji wameulizwa maswali mengi na wasomi kama hapo. Wamekuja wachunguzi wa mto, wa kilimo, wa mikoko, wa maradhi na wa lugha. Wengi wao walikuwa wanatafuta shahada, na shahada hizo zimewapatia kazi. Basi ni haki kuuliza ni kitu gani katika masomo yao kiliwafaa walipofika kazini, na ni kitu gani kilikosekana.

Asili ya jambo

Kusoma katika nchi zaidi ya moja si jambo geni katika sehemu hii ya dunia. Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1963 kilikuwa na vyuo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na mafunzo ya ufundi maalumu yaligawanywa kati yao. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uinjinia alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 1961. Chuo hicho kilivunjwa mwaka 1970, kila nchi ikapata chuo kikuu chake. Lakini kizazi kile kiliingia kazini kikiwa na jambo moja ambalo waliowafuata walilikosa: mwanasheria wa Kampala na mwanasheria wa Dodoma walikuwa wamekaa darasa moja, wakajuana kwa majina, na nje ya darasa wengi wao walizungumza Kiswahili.

Shahada za nchi nyingi za siku hizi zimezaliwa kwa njia nyingine. Mbili kati yake zaigusa Rufiji kwa karibu. Ya kwanza ni ya elimu ya maji. Mwaka 2000 vyuo vya kusini na mashariki mwa Afrika viliunda umoja uitwao WaterNet, na mwaka 2003 umoja huo ulianzisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa maji. Masomo ya msingi yalifundishwa katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baada ya hapo mwanachuo aliweza kwenda kusomea tawi lake katika nchi nyingine, kama vile Botswana, Malawi, Namibia au Afrika ya Kusini. Ya pili ni ya elimu ya maradhi na vifo vya watu. Mwaka 1998 uliundwa mtandao wa INDEPTH, unaounganisha vituo vya Afrika na Asia ambavyo huandika kila kuzaliwa, kila kufa na kila kuhama kwa watu wa eneo maalumu. Mwaka 2005 mtandao huo na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walianza shahada ya uzamili ambayo mwanachuo wake alisoma Johannesburg, kisha akatumwa katika mojawapo ya vituo hivyo.

Rufiji ilikuwa na kituo cha namna hiyo tangu mwaka 1998. Kilianza pamoja na mradi wa afya uliojulikana kwa kifupi TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania kwa msaada wa Kanada, na baadaye kikawa chini ya Taasisi ya Afya ya Ifakara. Eneo lake lilikuwa kaskazini ya mto, katika kata kama Kibiti, Bungu, Mchukwi na Ikwiriri. Waandikaji wake walizunguka nyumba hadi nyumba kila baada ya miezi minne.

Neno la maji

Ili kuona jinsi elimu hii inavyokutana na lugha, yafaa kuchukua maneno machache, moja moja.

Bonde la Rufiji ni kama kilomita za mraba 177,000. Mto wenyewe hupata jina lake pale Kilombero na Luwegu zikutanapo, kisha Ruaha Mkuu huingia, na mwisho wake ni delta yenye mikoko ya hekta kama 53,000, iliyo kubwa kupita misitu yote ya mikoko ya Afrika ya Mashariki. Mhitimu wa elimu ya maji anayepewa kazi katika bonde hili huwa amefundishwa kupima wingi wa maji, kukadiria ujio wake na kugawa matumizi yake. Neno atakalolikuta katika kila hati ya serikali ni mafuriko, na katika hati hizo neno hilo ni jina la maafa. Maana hiyo si uongo. Mafuriko ya mwaka 1968 yalitangulia ile Operesheni Rufiji iliyowahamisha watu kutoka bondeni na kuwapeleka kwenye miinuko, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba na makazi katika Rufiji na Kibiti.

Lakini mkulima wa Rufiji analo neno jingine, mlau. Mlau ni kilimo cha maji yanayopwa. Mto ukishashuka huacha tope lenye rutuba na unyevu, na katika tope hilo hupandwa mahindi na mazao mengine yasiyongoja mvua. Hivyo maji yale yale yaliyoharibu mpunga wa masika hulisha watu baadaye. Audun Sandberg na Han Bantje, waliofanya uchunguzi wao chini ya idara ya utafiti wa ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na Kjell Havnevik aliyechapa kitabu chake mwaka 1993, wote walilazimika kuueleza mpango huu kabla ya kusema lolote juu ya uchumi wa Rufiji.

Jambo hili lina uzito leo kupita wakati ule. Ujenzi wa bwawa la Julius Nyerere ulianza mwaka 2019, na Februari 2024 mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme. Nguvu ya mitambo yote ni megawati 2,115. Tangu hapo, kiasi cha maji kitakachoteremka mpaka Kibiti, na wakati wa kuteremka kwake, ni mambo yanayoamuliwa na watu. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 inataka sehemu ya maji iachwe kwa ajili ya uhai wa mto wenyewe. Mhitimu anayeijua kazi hiyo kwa Kiingereza tu ataweza kuhesabu maji ya kuwatosha samaki na mikoko, akasahau kuuliza juu ya mlau, kwa kuwa neno hilo halimo katika vitabu alivyosoma Harare wala Gaborone. Na aliyeko Kibiti akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini kama anataka mafuriko, atajibu hapana, ingawa maji anayataka. Swali limeulizwa vibaya, na jibu lake likiandikwa litakuwa ushahidi wa uongo.

Neno la ukazi

Neno la pili laonekana jepesi zaidi. Kituo cha kuandika watu hakiwezi kufanya kazi bila kujua nani ni mkazi na nani amehama. Katika mafunzo ya Johannesburg jambo hili lilikuwa na kipimo kimoja kwa vituo vyote, kwa sababu bila kipimo kimoja hesabu za Rufiji haziwezi kulinganishwa na hesabu za Agincourt ya Afrika ya Kusini, iliyoanza mwaka 1992, au za Matlab ya Bangladesh, iliyoanza mwaka 1966.

Katika Rufiji watu waliohamishiwa kwenye miinuko hawakuyaacha mashamba yao ya bondeni. Wakati wa kilimo jamaa hushuka, wakakaa miezi kadhaa katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga na ndege na nguruwe. Mwandikaji akifika kijijini na kukuta mlango umefungwa, jirani atamwambia, "Wako shamba." Kwa Kiswahili cha hapo, aliyeko shamba hakuhama. Nyumba yake ni ile ile, na akifa huko maiti yake italetwa nyumbani. Lakini kwa kipimo cha kitabu, mtu asiyeonekana kwa muda fulani aweza kuandikwa kuwa ameondoka. Mhitimu anayesimamia waandikaji lazima aamue, na uamuzi wake hugeuza hesabu ya watu, na kwa hiyo hesabu ya vifo kwa kila watu elfu.

Uamuzi kama huu haufundishwi darasani. Waandikaji waliozaliwa Bungu au Mchukwi wanaujua bila kuambiwa. Mhitimu aliyetoka mbali hana budi kuusikia kutoka kwao, na ataweza kuusikia ikiwa tu anazungumza nao kama watu wenye maarifa. Tena haifai kusahau kwamba Kiswahili chenyewe, kwa wazee wengi wa bara ya Kibiti, ni lugha ya pili. Kindengereko kingali kinasemwa, na sarufi yake ilichunguzwa na Eva-Marie Ström katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Gothenburg ya mwaka 2013. Basi swali lililotungwa kwa Kiingereza, likafasiriwa kwa Kiswahili, laweza kufika kwa bibi kizee baada ya kuvuka mara mbili.

Neno la ugonjwa

Neno la tatu ni degedege. Katika vijiji ambako wengi hufia nyumbani bila kuonwa na daktari, kituo hutuma mtu kuwauliza wafiwa juu ya dalili za marehemu, kisha madaktari husoma majibu na kukadiria sababu ya kifo. Kazi yote hutegemea maneno ya mama au shangazi. Mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho husemwa kuwa amepata degedege, na kwa watu wengi wa pwani degedege si malaria. Ni ugonjwa mwingine, unaohusishwa na ndege au shetani.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kwa sababu ya imani hiyo watoto hawa hupelekwa kwa waganga na kufia huko. Mwaka 2004 Don de Savigny na wenziwe walichapa uchunguzi wa habari za vifo vya Rufiji vya miaka ya 1999 hadi 2001. Walionyesha kwamba wengi wa waliokufa kwa malaria walikuwa wamepelekwa kwanza katika tiba ya hospitali au zahanati, hata wale waliokuwa na degedege. Matokeo haya hayakuwezekana kwa kujua hesabu tu, wala kwa kujua neno tu. Ilitakiwa mtu ajue kwamba degedege na malaria ni majina mawili ya mambo yanayokutana, na tena ajue kuhesabu njia ambayo kila mgonjwa alipitia. Kama wangeamini neno peke yake, lawama ingebaki kwa wazazi. Kumbe swali lilipasa kuelekezwa pia kwenye zahanati.

Na kazi hii ilikuwa na matunda. Halmashauri ya Rufiji ilipoonyeshwa kwa picha nyepesi kwamba malaria ilichukua sehemu kubwa ya maradhi lakini sehemu ndogo ya fedha, iligeuza matumizi yake. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hapana shaka sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba takwimu zilisemwa kwa namna ambayo diwani aliweza kuzifahamu.

Jinsi kazi zinavyoundwa

Baada ya mifano hii yawezekana kueleza shahada ya nchi nyingi inampa mhitimu nini. Kwanza, yampa kipimo kimoja na wenzake wa mbali. Aliyejifunza kusoma hesabu za Agincourt aweza kuajiriwa Navrongo ya Ghana kesho yake, kwa kuwa majedwali ni yale yale. Pili, yampa watu. Wanachuo wa darasa moja huandika makala pamoja, huitana katika mikutano, na huambiana habari za kazi kabla hazijatangazwa. Tatu, yampa ujasiri wa kusimama mbele ya wageni na kusema. Faida hizi si ndogo, na kwa kijana aliyetoka katika shule ya kata huenda zikageuza maisha ya ukoo mzima.

Lakini kila faida ina upande wake wa pili. Kipimo kinachomwezesha mtu kufanya kazi popote humfanya pia aone kila mahali kuwa sawa. Kazi nyingi za namna hii ni za mikataba ya miradi. TEHIP ilipomalizika mwaka 2004 kituo kiliendelea, lakini miradi mingine humalizika na kila kitu chake, na mhitimu akahamia penye fedha. Juu ya hayo, kupanda cheo katika vyuo na taasisi hupimwa kwa makala zilizochapwa katika majarida ya kimataifa, ambayo kwa kawaida ni ya Kiingereza. Mhitimu anayetumia mwezi mzima kuwaeleza watu wa Nyamisati au Salale yale aliyoyapata kwao haongezi hata mstari mmoja katika orodha ya kazi zake.

Kuna pia jambo la cheti. Mwajiri wa serikali hutaka kujua shahada ni ya chuo gani na ya nchi gani, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huzipima shahada za nje kabla hazijatambuliwa. Shahada iliyosomwa katika nchi tatu yaweza kuleta maswali matatu. Tamko la wakuu wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki la Mei 2017, kwamba nchi zao ziwe eneo moja la elimu ya juu, lilikusudia kupunguza usumbufu wa namna hii. Hata hivyo tamko la nchi hizo haliifikii Zimbabwe wala Namibia.

Kwa hiyo wahitimu hugawanyika katika njia tatu. Wako wanaoondoka na kufanya kazi katika mashirika ya dunia, wakiijua Rufiji kama jina katika jedwali. Wako wanaobaki wilayani au katika bodi ya maji, wakiwa na mshahara wa kudumu lakini nafasi chache za utafiti. Na wako wanaokwenda na kurudi, ambao ndio wenye faida kubwa kwa pande zote mbili. Kinachowatenga hawa wa tatu na wengine si alama zao chuoni. Vyuo vingi hutoa watu wajuao kuhesabu, na mmoja wao akiondoka mwingine aweza kuketi katika kiti chake. Lakini mtu ajuaye kuhesabu na tena ajuaye tofauti ya mlau na mafuriko, ya kuhama na kuwa shamba, ya degedege na malaria, huyo hapatikani kwa tangazo la gazeti.

Deni la elimu

Limebaki jambo moja. Habari za watu wa Kibiti na Rufiji zimewafaa wasomi wa nchi nyingine pia.  Mwaka 2013 Cornelius Nattey wa Witwatersrand na wenziwe walichapa uchunguzi wa uhusiano kati ya mali ya kaya na vifo vya watoto wa Rufiji. Hakuna ubaya katika jambo hili. Ndiyo maana ya mtandao. Lakini makala yao ni ya Kiingereza, na mama wa Mchukwi aliyejibu maswali juu ya mwanawe aliyekufa hana njia ya kusoma yaliyotokana na majibu yake.

Kulipa deni hili hakutaki fedha nyingi. Kwanza, kila tasnifu ya uzamili iliyotumia habari za eneo hili yaweza kutakiwa iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa tano, uandikwe na mwanachuo mwenyewe, si kufasiriwa na mwingine. Kwa kuuandika atagundua ni maneno gani hakuyaelewa. Asiyejua Kiswahili na auandike pamoja na mwenzake wa kituo, na jina la huyo mwenzake liwekwe. Pili, taasisi za Kiswahili zikusanye maneno ya kazi ya waandikaji, wakulima wa bondeni na wakata mikoko. Mkata boriti wa delta hutenga mkoko, mchu, mkandaa, msindi na mkomafi, na picha iliyopigwa kutoka angani haimpi mtaalamu majina hayo wala matumizi yake. Tatu, muhtasari huo uhesabiwe katika kupandisha vyeo, hata kama ni kwa alama chache.

Kiswahili kilipokewa na Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, kuwa lugha rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukafanya vivyo hivyo mwaka 2022. Kupokewa huko kutakuwa na maana kwa wanafunzi wa shahada hizi siku ile mwanachuo wa Lilongwe au Johannesburg anayekwenda Kibiti atakapotakiwa kujifunza Kiswahili kabla ya kupanda gari, kama vile anavyotakiwa kujifunza hesabu. Mpaka siku hiyo, kazi ya kuvusha maana itaendelea kubebwa na waandikaji wa vijijini, ambao majina yao, yakiwapo, huandikwa katika mstari wa shukrani.